Kopo la Kwanza ni la Mtoto

Kuna desturi zinazokufa kwa kelele, na kuna zingine zinazokufa kimya kimya. Kijana akikataa kutoa mahari, ukoo mzima unakutana na wazee wanakaa siku mbili wakijadili. Lakini nyumba ikiacha kumpa mtoto kopo lake la maziwa ya moto jioni, hakuna anayeitisha baraza. Maziwa yanaingia katika bidoni, bidoni inafungwa juu ya pikipiki, pikipiki inashuka Sake, na mtoto anabaki na chai yenye sukari. Sisi tunaofundisha watoto hao katika shule za sekondari, tunaowaona saa nne ya asubuhi wakilala juu ya kaye, tunaona ni lazima kusema. Wengine wataandika katika kitabu hiki juu ya ngoma, juu ya ndoa na juu ya mazishi, na ni vizuri. Sisi tunaomba nafasi kidogo kwa ajili ya kopo.

Neno letu ni moja. Katika nyumba yenye maziwa, kopo la kwanza ni la mtoto, soko linafuata. Na katika nyumba isiyo na ng'ombe, mzazi atafute kinywaji cha thamani hiyo katika shamba lake mwenyewe, asijifiche nyuma ya kabila wala nyuma ya boksi ya poda.

Tukumbushane kwanza jambo lenyewe, kwa maana vijana wengi hawalijui tena. Kwa wafugaji wa Masisi, jioni ng'ombe wanaporudi, mtoto alisimama karibu na zizi akiwa na chombo chake mkononi. Mkamuaji anakaza chuchu, maziwa yanapiga ndani ya chombo kwa nguvu, na povu inapanda mpaka juu ya mdomo wa chombo. Wanaosema Kinyarwanda wanayaita maziwa hayo yenye joto la ng'ombe inshyushyu, na yale yaliyoganda wanayaita ikivuguto. Wana inkongoro, chombo cha mti cha maziwa, na igisabo, kibuyu cha kusukia siagi. Lugha haiwezi kuwa na majina mengi namna hiyo kwa kitu ambacho watu hawakukijali. Ndani ya nyumba nako, mama alipochemsha maziwa, aliyamwaga kutoka kopo moja hadi lingine, mkono mmoja juu, mkono mwingine chini, mara tano, mara sita. Maziwa yalipoa kidogo, povu ikasimama, na mtoto akanywa akicheka, mdomo wa juu ukiwa na masharubu meupe.

Mwenye kusoma vitabu asidharau povu hiyo akisema ni mchezo. Povu inasimama kwa sababu ndani ya maziwa mna protini, na protini hizo zinazunguka kila tone la hewa kama ngozi nyembamba. Maji matupu ukiyamwaga hata kutoka juu ya nyumba hayatabaki na povu. Lakini tuseme pia ukweli wa upande wa pili: povu yenyewe haishibishi, ni hewa. Inayojenga mwili ni maziwa yaliyo chini yake. Povu ni mwaliko tu. Inamwita mtoto anayechukia ile ngozi ya maziwa yaliyopoa, na inamfanya mama akae naye dakika kumi bila kutumwa popote. Tunasema hivi mapema kwa sababu siku hizi kuna vinywaji vyenye povu nyingi na maziwa kidogo, na tutafika huko.

Sasa, kopo hilo limeenda wapi?

Tusome historia yetu. Malisho ya Masisi tunayoyaona leo, kutoka Mushaki hadi Karuba na kuelekea Kitchanga, hayakuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Tangu 1937 utawala wa Kibelgiji ulileta familia kutoka Rwanda kwa mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda, na sehemu kubwa za pori zikakatwa. Walowezi wakapanda chai, kahawa na pareto. Baada ya 1973, wakati wa zaïrianisation, mashamba mengi ya wazungu yalipita mikononi mwa wakubwa wa nchi, na mengi yakageuka kuwa ferma za ng'ombe. Mapadri wa Ulaya nao walileta ufundi wa fromaji, ile ya duara ambayo Kinshasa wanaiita fromaji ya Goma, ingawa maziwa yake mengi ni ya vilima vya Masisi. Tangu hapo maziwa yakapata bei, na njia ya kuyapeleka mbali na nyumba ikafunguka.

Halafu vikaja vita. Mwaka 1993 moto uliwaka Ntoto, huku Walikale, ukafika Masisi. Mwaka 1994 wakimbizi walijaa Kivu. Mwaka 1996 vita vingine, na vingine tena baada ya hapo, mpaka hivi vilivyorudi mwisho wa 2021 na kuufikia mji wa Goma Januari 2025, na Walikale-centre Machi ya mwaka huohuo. Kila mara ng'ombe waliibwa, waliuawa, walikimbizwa. Hatusahau hayo. Nyumba iliyobaki na ng'ombe mmoja baada ya kuwa na kumi haiwezi kusemwa kama tajiri. Lakini vita vinaeleza kwa nini maziwa ni machache. Havielezi kwa nini hayo machache yaliyobaki yanapita mbele ya mtoto bila kusimama.

Tufanye hesabu kama darasani. Ili kupata kilo moja ya fromaji, mtengenezaji anahitaji karibu lita 10 za maziwa. Lita 10 ni makopo 40 ya robo lita. Basi kila fromaji ya kilo moja inayoenda Kinshasa ni makopo 40. Hatusemi ifutwe. Fromaji ni kazi ya mikono yetu na tunajivunia jina lake. Tunasema tu kwamba mwenye kuihesabu kwa franga aijue pia hesabu hiyo nyingine.

Hesabu ya pili. Nyumba ina ng'ombe wawili wanaotoa lita 5 kwa siku, na watoto wanne. Robo lita kwa kila mtoto ni lita moja. Zinabaki nne za kuuza. Kopo moja la robo lita lina karibu gramu 8 za protini. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji karibu gramu 19 kwa siku, kwa hiyo kopo moja linakaribia nusu ya mahitaji yake. Kwa lita moja kati ya tano, mzazi amefanya kazi ambayo sahani ya ugali wa muhogo haiwezi kuifanya, maana unga wa muhogo una wanga mwingi na protini karibu hakuna.

Na tunajua jina la ugonjwa unaokuja pale protini inapokosekana. Sisi watu wa Kivu tunauita bwaki. Miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu na nyepesi, mtoto hachezi tena. Uchunguzi wa nchi nzima wa 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa mia wenye chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Wanaofika kwetu sekondari ni wale waliopona, lakini wengine walikwisha kupoteza kitu ambacho mwalimu hawezi kurudisha kwa chaki.

Mtoto wa bwaki akifikishwa hospitalini, anapewa nini? Anapewa maziwa. Yanaitwa F-75, halafu F-100. Ni maziwa ya poda yaliyochanganywa na sukari, mafuta, vitamini na madini. Baadaye anapewa Plumpy'Nut, ambayo ni karanga, maziwa ya poda, mafuta na sukari. Madaktari wa MSF wanasaidia hospitali kuu ya Masisi tangu 2007, na dawa hiyo imeokoa watoto wengi, tunawashukuru. Lakini msomaji mwenye akili asimame hapa na aone haya pamoja nasi. Katika nchi ya ng'ombe, mtoto anaugua kwa kukosa, kisha anatibiwa kwa maziwa yaliyovuka bahari. Na karanga nayo, je, hailimwi Walikale?

Tunajua watakavyotujibu, kwa sababu tumekwisha kujibiwa mara nyingi katika mikutano ya wazazi.

Wa kwanza wanasema: "Mwalimu, maziwa haiko ya kunywa, iko ya kuuzisha. Minervali itatoka wapi?" Swali hilo ni la haki, na sisi hatuna ruhusa ya kulidharau, maana shule ya msingi ya serikali ilitangazwa bure mwaka 2019 lakini sekondari bado inalipiwa, na mwalimu naye anakula kutoka malipo hayo. Lakini ni nani anayelipia shamba na kusahau mbegu? Mtoto mwenye njaa ya protini anakaa darasani kama kiti. Mzazi amelipa benchi, hakulipa akili. Auze lita nne alipie shule, na ile ya tano imfanye mtoto aweze kuitumia shule hiyo.

Wa pili ni wazee wetu tunaowaheshimu. Wanasema: "Siye tulikunywaka mabichi, na tuko hapa." Baba zetu, tunafurahi kwamba mko hapa. Wale ambao hawako hapa hawawezi kuja katika mkutano kutoa ushuhuda wao. Ng'ombe anaweza kuwa na bruselosi au kifua kikuu bila kuonyesha dalili kwa macho, na maziwa mabichi yanabeba vyote viwili. Homa inayorudi kila jioni, viungo vinavyouma, mimba za ng'ombe zinazotoka kabla ya wakati: mengi ya mambo tuliyoyaita uchawi yana jina katika kitabu cha daktari wa mifugo. Kuchemsha kunaua vijidudu hivyo, na protini na kalsiamu zinabaki. Desturi ni kumpa mtoto maziwa ya moto yenye povu. Moto wa jiko hauharibu desturi hiyo, na povu inarudi kwa kumwaga.

Wa tatu ndio wanaotuumiza zaidi. Tuko Walikale, na mtu anasema: "Batu ya ng'ombe njo banakunywaka maziwa. Siye tuko batu ya pori." Katika Masisi pia kuna wanaosema hivyo, na kuna wengine upande wa pili wanaosema maziwa ni yao peke yao, kama alama ya damu. Tunawajibu wote pamoja. Muhogo ulitoka Amerika. Maharagi yalitoka Amerika, mahindi pia. Leo nani kati ya Wahunde, Wanyanga, Wakano, Wakumu, Wahutu ao Watutsi atasema sombe si chakula chake? Chakula kinakuwa cha kwetu siku tunapowalisha watoto wetu nacho. Mtu anayefanya kopo la mtoto kuwa bendera ya kabila, tunamwambia wazi kwamba amekwisha kuchezea damu ya kutosha katika vilima hivi. Aache maziwa nje.

Hata hivyo, Walikale ina haki ya kujibiwa kwa vitendo. Teritwari hiyo ina zaidi ya kilometa 23,000 za mraba, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni pori. Ng'ombe ni wachache, njia ni mbaya, na vitu vingi vinafika kwa ndege ndogo au kwa migongo ya watu. Hatuwezi kumwambia mama wa Itebero angoje bidoni kutoka Mushaki. Lakini soya inaota huko. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa soya kavu ni protini. Karanga ni karibu robo. Mbuzi wako karibu kila kijiji, na maziwa yao yakichemshwa yanafaa. Na ule uji wa masoso unaojulikana Goma na Bukavu, wa mahindi, soya na mtama mwekundu wa sorgho, hauhitaji ng'ombe hata mmoja. Yule anayechimba kasiterite Bisie na kumnunulia mtoto soda kila siku ya malipo, amejifunza kunusa madini chini ya ardhi na hajaona soya iliyo juu yake.

Wa nne wanasema: kuna boksi. Ndiyo, boksi ipo. Maziwa ya poda ya kweli, yenye mafuta ya maziwa, ni chakula, na mahali pengine ni msaada mkubwa, mradi maji yachemshwe. Lakini katika maduka yetu kuna pia poda zinazofanya maji kuwa meupe, zenye sukari na mafuta ya mimea, na maziwa kidogo ama hakuna. Zinatoa povu nzuri, zinanukia, na picha ya mtoto mnene iko juu ya pakiti. Msomaji anayejua Kifaransa asome kinachoandikwa nyuma ya pakiti kwa herufi ndogo, na amsomee jirani asiyejua. Elimu yetu ni ya kazi gani kama haifiki mpaka hapo? Kuuza lita tano za maziwa ya kweli asubuhi, na kununua jioni poda isiyo maziwa, ni biashara ambayo hata mtoto wa darasa la pili angeikataa kama tungemwandikia hesabu yake ubaoni.

Basi tuseme namna ya kufanya, ili mtu asiseme mwalimu amepiga kelele tu.

Kwa maziwa ya ng'ombe ao ya mbuzi: osha mikono na chombo, chuja kwa kitambaa safi. Weka juu ya moto ukikoroga. Maziwa yakipanda, usitoe mara moja. Punguza moto na yaache yachemke kidogo tena. Yaache yapoe mpaka mkono uvumilie kopo. Halafu mwaga kutoka kopo hadi kopo, juu na chini, mara sita ama saba, mpaka povu isimame. Kipande cha tangawizi kikichemka ndani kinapendeza. Sukari si ya lazima. Asali ni nzuri, lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kamwe, inaweza kumletea ugonjwa mbaya.

Kwa soya: loweka usiku mzima, sugua maganda yatoke, twanga ao saga na maji, chuja. Kisha chemsha, na hapa mama awe macho. Soya inapanda povu mapema sana, kabla haijaiva. Povu hiyo ya kwanza ni ya uongo. Itulize, punguza moto, na uendelee kuchemsha robo saa nzima, maana soya isiyoiva inaumiza tumbo na inazuia mwili kutumia protini yake. Kwa kuwa soya ina kalsiamu kidogo kuliko maziwa, mtoto ale pia sambaza ao ndagala na mifupa yake.

Na tuweke mipaka. Mtoto wa chini ya miezi 6 anakunywa ziwa la mama peke yake, na kabla ya mwaka mmoja maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya ziwa hilo. Kwa mkubwa, kopo moja ama mawili kwa siku yanatosha. Maziwa yana chuma kidogo sana, kwa hiyo sombe, lenga-lenga na maharagi vibaki kwenye sahani. Chai nayo isifuate chakula mara moja kwa mtoto, maana inazuia chuma kuingia katika damu.

Wenye ferma, ninyi mnaowalipa wachungaji, mnajua kwamba mara nyingi mtoto wa mchungaji ndiye anayeona maziwa mengi kuliko wote na kunywa kidogo kuliko wote. Mpeni baba yake lita moja kwa siku, nje ya mshahara, na iandikwe katika mapatano. Baba wa nyumba, mgeni akija mpeni maziwa, hiyo ni heshima yetu, lakini mtoto asibaki kuramba kikombe cha mgeni. Wakubwa wa vyama vya utamaduni, mnapopanga sikukuu na kuleta inkongoro ya kuonyesha jukwaani, hakikisheni kwanza kwamba ndani yake mna kitu na kwamba mtoto fulani atakinywa. Chombo kikavu juu ya meza ya maonyesho ni ushahidi dhidi yetu. Na sisi walimu, somo la biolojia juu ya protini lisiishie kwenye kaye. Tuwatume wanafunzi nyumbani na kazi: wapime maziwa yanayotoka, wapime yanayobaki, waandike tofauti.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tunapenda kuitumia methali hiyo kumlaumu kijana aliyechukua silaha ama aliyeacha shule. Tuitumie pia mapema zaidi, saa kumi na mbili ya jioni, bidoni ikiwa bado wazi na pikipiki ikiwa bado haijafika.